Namna ya Kulicheka Jua la Mudaka

Anza na mti. Anayetaka kulicheka jua la kiangazi huku amesimama juani, jua ndilo litakalomcheka yeye. Huku mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Kavumu, pale soko la Mudaka linapomwagika hadi ukingoni mwa njia, miti ipo, ila si kila mti unafaa kwa kazi hii. Mkaratusi uupite. Majani yake yananing'inia wima, jua la saa sita linapenya katikati bila kubisha hodi, na aliyekaa chini yake anabaki na madoa ya mwanga kama chui. Mti wa avoka ndio mti. Majani yake yamepandana, kivuli chake ni kizito, na mkiwa na bahati mtacheka na kula mahali pamoja. Migomba nayo ni mizuri, hasa ile inayozunguka nyumba za zamani za Bushi, nchi ya Washi, lakini ukiingia migombani huwaoni wapita njia, na shughuli hii inawahitaji wapita njia.

Mwenye mti aombwe ruhusa. Usijikalishe tu.

«Asinge, Mama. Tunaomba kivuli.»

«Kivuli ni cha Mungu. Avoka ndizo zangu.»

Mkishaelewana hivyo, kaeni.

Usione kwamba nakawia kwenye habari ya kivuli. Huku kwetu kivuli kina nguvu ambayo sehemu nyingine hakina. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mudaka iko juu zaidi ya ziwa. Kwenye mwinuko huo hewa yenyewe si ya moto sana. Kinachochoma ni mwanga. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa sababu hewa ya kuichuja imepungua. Ndiyo maana mtu anaweza kuungua shingo Mudaka huku upepo wa baridi unampiga masikioni, na ndiyo maana hatua chache za kuingia chini ya mti zinabadilisha mambo yote. Ndugu zetu wa Uvira hawana bahati hiyo. Wao wako kando ya Ziwa Tanganyika, mita 800 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Ukishuka milima ya Ngomo, ukifika Kamanyola umeshavua koti. Ukifika Uvira unatafuta kivuli, unakuta kivuli nacho kinatafuta kivuli. Mudaka jua linakaa nje. Uvira linaingia ndani na kuvuta kiti.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kicheko, tusije tukauziana dawa ya uongo. Kicheko hakishushi joto la mwili. Mwili unapozwa na jasho linapokauka, na maji, na upepo, na kivuli. Kicheko kina kazi nyingine, na mimi naiona kuwa kubwa: kinampa mtu sababu ya kukaa chini.

Mtazame mama anayekuja sokoni na gunia la makaa mgongoni. Mugozi, ule mkanda wa kubebea mzigo, umemkaza kwenye paji la uso, shingo imesimama, macho yako kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe. Anajua amechoka. Anajua jua limemzidi. Mwambie «Mama, pumzika» atakujibu «Nitapumzika nikifika», na hatasimama, maana kukaa mchana mbele ya watu kunamtia haya. Hapa kwetu mtu hupewa jina la uvivu kabla hajamaliza kufuta jasho. Basi usimwambie apumzike. Anza kusimulia habari akiwa bado mbali, kwa sauti inayomfikia, na uikate katikati anapopita mbele yako. Atauliza, «Halafu?» Mwambie, «Shusha mzigo kwanza, Mama, habari hii ina mkia mrefu.» Gunia likigusa chini, kazi yako imefanyika, hata kama mwisho wa habari hauchekeshi. Atafuta uso kwa ncha ya kikwembe, atapewa kikombe cha maji, atawaambia nyinyi ni watu wasio na kazi, na wakati anawasema hivyo moyo wake unarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Haya yamechukua dakika kumi. Hakuna aliyemwona mvivu. Walimwona mtu anayesikiliza habari.

Hiyo ndiyo maana yote ya mwongozo huu, na yanayofuata ni mbinu.

Saa za kazi ni kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana. Kabla ya hapo watu hawana haja nawe. Kiangazi cha Bushi kina ujanja wake: alfajiri ya Juni na Julai ni ya baridi, ukungu umelala mabondeni, watu wameshika vikombe vya chai kwa mikono miwili. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria, wanatoka na makoti mazito ya mitumba, yale yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji ya watu wengine. Saa tano jua limepanda, na koti bado limefungwa hadi kidevuni. Motari ana sababu zake: vumbi la njia, upepo wa mwendo, na hana mahali pa kuliweka pasipo na mikono ya watu. Ukimletea somo la afya atawasha pikipiki yake na kukuacha hapo hapo na maneno yako. Wewe muulize kwa heshima, «Mukubwa, Ulaya umerudi lini?» Halafu nyamaza, maana wenzake ndio watakaomaliza kazi. Mmoja ataomba salamu za Brussels. Mwingine atauliza kama theluji imepungua kule. Wa tatu atamwomba amwachie hilo koti siku atakaporudi. Hapo zipu itashuka. Ikishuka hadi kifuani, mwache, umeshinda. Ikishuka hadi mwisho, mpe nafasi kivulini na umsifu shati lake.

Utani mwingine unaofaa ni wa kivuli cha mtu mwenyewe, na huu una kalenda. Mudaka iko digrii mbili na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita linasimama utosini kabisa na kivuli cha mtu kinaingia chini ya viatu vyake. Siku hizo mwambie mwenzako, «Tazama, hata kivuli chako kimekukimbilia kwa ajili ya kivuli.» Atatazama chini. Atageuka. Watoto wataanza kurukaruka ili wakione kinapotoka, na mtu mzima mmoja, daima yuko mmoja, naye ataruka. Julai na Agosti jua limekwenda upande wa kaskazini, kivuli cha adhuhuri kinarudi kidogo upande wa kusini. Basi utani unageuka kuwa wa deni: kivuli kimerudi kulipa nusu, nyingine tusubiri.

Halafu kuna muuza mboga ya lenga-lenga. Huyu ana chupa ya plastiki ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Kila baada ya muda anaiinamisha juu ya mafungu yake, anatikisa, matone yanakaa kwenye majani mekundu na ya kijani, na mboga inaamka. Simama mbele yake na useme kwa sauti ya mnyonge, «Mama, na mimi ni mboga.» Siku mbaya atakuuliza fungu lako ni bei gani. Siku njema utapata matone shingoni, na matone hayo hayadanganyi: maji yanapokauka juu ya ngozi yanaondoka na joto, na katika hewa kavu ya kiangazi chetu yanakauka upesi. Ndugu zetu wa Mombasa na Dar es Salaam hawapati faida hiyo kirahisi, maana hewa ya pwani imeshiba unyevu na jasho linabaki mwilini bila pa kwenda. Sisi tunayo, tuitumie. Ila nunua fungu moja kabla hujaondoka. Maji yale aliyateka mbali, na aliyoyamwaga shingoni mwako yalikuwa ya kuokoa mtaji wake.

Watu wakishazoeana, fungua shindano la chumvi. Kila mmoja aseme jinsi jua lilivyo kali leo, na anayesema uongo mkubwa kuliko wote anapewa sehemu nzuri ya mti, ile yenye shina la kuegemea. Sharti ni moja: uongo wako uhusu kitu kilichopo mbele ya macho ya watu. Kuku aliyetaga yai la kuchemsha amezeeka, kila soko limemla. Mwache. Muuza sambaza zilizokaushwa, wale samaki wadogo wa ziwani, ana nafasi nzuri, kwa sababu anaweza kuinua sinia yake na kuapa, «Hizi zilikuwa mbichi nilipotoka Bukavu.» Muuza mishumaa, ambaye biashara yake haijawahi kukosa wateja kwa jinsi umeme wa SNEL, shirika la umeme, unavyokuja na kuondoka, atasema, «Asubuhi nilipanga mishumaa kumi. Sasa ninao mmoja, mnene.» Konvoyeri wa basi ndogo atatangaza kwamba viti vyake leo vina moto, na moto huo hatozi. Mwenye mbuzi atauliza kama bei aliyoitaja ni ya mbuzi au ya mushikaki. Watu hawa hawafundishwi. Wanangojea tu mtu wa kuanza.

Na kuanza ni muhimu, maana kicheko hakijui kutembea peke yake. Robert Provine, mtaalamu wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyocheka, aliona kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka mara 30 hivi zaidi ya anavyocheka akiwa peke yake. Mwaka 2011 Robin Dunbar na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watu waliotoka kucheka pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko wale ambao hawakucheka. Mama wa gunia angeweza kuwaambia hayo bila maabara, lakini ni vizuri kwamba yameandikwa.

Sasa mipaka, na hapa sina mchezo. Cheka jua. Cheka koti, cheka mshumaa, cheka bati. Usimcheke aliyebeba. Wanawake wanaobeba mizigo kati ya vijiji vya Kabare na masoko ya Bukavu wanabeba magunia ambayo mwanamume mwenye afya angeomba msaada kuyainua, na wanalipwa kidogo. Mgongo uliopinda si kitu cha utani. Ngozi ya mtu nayo iache. Kumwambia mtu «jua limekuunguza umekuwa mweusi» si utani, ni mwiba, na mwiba huo umewasukuma wengi kwenye dawa za kuchubua ngozi, ambazo zinamfanya mtu aumie juani maradufu. Harufu ya jasho la mtu, iache pia. Ana jasho kwa sababu mwili wake unafanya kazi yake, na leo tunamwombea aendelee kuwa nalo.

Kuna sababu nyingine ya kulichagua jua kuliko vitu vingine vyote. Tangu Februari 2025, vita vilipofika Kavumu kisha Bukavu, watu wamejifunza kupima maneno. Benki zilifungwa, fedha zikaadimika, na mtu anayesimulia habari sokoni anatazama kwanza nani amesimama nyuma yake. Jua halina kabila. Halina chama, halina upande, halina shemeji atakayekasirika, na ukilisema vibaya saa saba mchana hakuna atakayekuja kukuuliza usiku ulimaanisha nini. Mahali ambapo mambo mengi hayasemwi kwa sauti, kitu kimoja ambacho watu wote wanaweza kukisema pamoja na kukicheka pamoja ni mali. Nimeona watu wasioamkiana wakikubaliana kwamba leo jua limezidi. Si kidogo hicho.

Kinywaji. Maji kwanza, tena yaliyochemshwa au yaliyotiwa klorini, kwa sababu kipindupindu kinaijua Kivu Kusini vizuri na hakicheki na mtu. Ju ya marakuja ni nzuri ikiwa imetengenezwa kwa maji ya namna hiyo hiyo. Kipande cha muwa ni kizuri pia, na kina faida ya kumnyamazisha kwa muda yule asiyewapa wenzake zamu ya kusema. Kwa aliyetoka jasho jingi tengeneza kinywaji ambacho kila mama aliyewahi kuuguza mtoto wa kuhara anakijua: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, isubiri jua lizame. Najua inachekesha upesi. Lakini pombe inakausha mwili, inamficha mtu kiu yake mwenyewe, na anayecheka kwa kasiksi saa saba mchana kando ya barabara ya magari anawapa wenzake kazi ya kumchunga badala ya kucheka.

Mkishakaa, mkishakunywa, hesabuni asiyekuwepo. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa watu waikumbuke hata wakisahau mishumaa. Julai 1995 joto kali liliingia Chicago, kule Marekani, na watu zaidi ya 700 walikufa katika siku chache. Eric Klinenberg, aliyeandika kitabu juu ya msiba ule mwaka 2002, alilinganisha mitaa miwili jirani ambayo watu wake walikuwa maskini kwa kiasi kinachofanana. Mmoja ulipigwa vibaya na joto, mwingine kwa kiasi kidogo sana. Mtaa ulionusurika ulikuwa na maduka, kelele, watu njiani. Wazee walikuwa na sababu ya kutoka na watu wa kuwaulizia. Kwenye ule mwingine walijifungia ndani, wakafa ndani. Mwaka 2003 Ufaransa ilipoteza watu karibu 15,000 katika joto la Agosti, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao. Na joto halijaisha safari. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa duniani. Machi ya mwaka huo Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu joto lilitazamiwa kufika digrii 45, na Februari 2025 ikazifunga tena baada ya wanafunzi kuzimia Juba.

Mudaka haifiki huko, na milima inatusaidia. Lakini nenda saa nane mchana kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, dirisha moja, mlango umefungwa kwa ajili ya vumbi, uone kama utakaa. Zile nyumba za zamani za nyasi zilikuwa na akili katika jambo hili: paa nene, ndani giza na baridi. Bati linazuia mvua vizuri na kulikaribisha jua vizuri vile vile. Humo ndani mara nyingi yuko mzee mmoja, watoto wamekwenda Bukavu au mbali zaidi, naye hataki kutoka kwa sababu hajaitwa.

Mwite, lakini mwite kwa akili. Usimtume mtu mzima akamwambie «Mzee, joto litakuumiza». Atajibu kwamba ameona jua kabla baba yako hajazaliwa. Mtume mjukuu. Mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu, na babu ana ruhusa ya kumtania mjukuu, na ruhusa hiyo ni ya zamani kuliko bati. Mtoto aende aseme hivi: «Babu, wale chini ya mti wanasema zamani hakukuwa na kiangazi kikali kama hiki. Wanasema nyinyi mlikuwa na raha.» Halafu arudi bila kusubiri jibu. Mzee ambaye hatatoka nje kwa ajili ya afya yake atatoka mbio kusahihisha uongo. Atakuja na fimbo, atakuja na miaka, na majina ya mito iliyokauka na ng'ombe waliohamishwa. Mpeni shina la kuegemea, hata kama mshindi wa chumvi analidai. Mpeni maji kabla hajaanza, maana akishaanza hatakunywa. Msimkatize. Na akisema mwaka fulani jua lilikuwa kali hata jogoo aliwika akiomba mvua, iandikeni hiyo, amewashinda wote.

Watoto wa kisimani nao wasisahauliwe. Kiangazi mabomba yanadhoofika, foleni ya bidoni za manjano inarefuka, na mara nyingi watoto huziacha bidoni zisimame kwenye mstari badala yao na wenyewe kwenda kucheza. Hilo ni jambo la busara na wakubwa wasiwagombeze. Bidoni haiungui kichwa. Kazi ya mtu mzima ni kuhakikisha wanachezea kivulini, na kwamba yule mdogo kuliko wote hajasahaulika kwenye mstari akilinda bidoni za kaka na dada zake.

Mwisho wa yote, sikiliza jinsi mtu anavyocheka. Mtu aliyezidiwa na joto huanza kuchanganyikiwa, na kuchanganyikiwa kwake kunaweza kufanana na utani. Anacheka mahali ambapo hakuna cha kucheka. Anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Maneno yanateleza, hatua zinayumba, ngozi ni ya moto ukiigusa. Wenzake wakimcheka wakidhani anaigiza, watampoteza. Hapo utani wote ukome papo hapo. Mlazeni kivulini, mvueni koti au kikwembe cha juu, mwagieni maji mwilini, hasa shingoni, kwapani na kinenani, mpepeeni kwa chochote kilicho karibu, kifuniko cha boksi, sinia ya sambaza. Kama fahamu zimepotea msimnyweshe kitu. Motari yule wa Ulaya ndiye wa kwanza kuitwa: mgonjwa katikati, mtu wa kumshika nyuma, kituo cha afya kilicho karibu, na maji yaendelee kumwagwa njiani. Joto la mwili likipita digrii 40 kinachohesabiwa ni dakika.

Si kila kicheko ni raha, na Maziwa Makuu yanalijua hilo. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, Tanganyika ambayo leo ni Tanzania, kicheko kilianza kwa wanafunzi wachache kikaenea hadi kuwashika 95 kati ya 159, wakicheka na kulia wasiweze kujizuia, na Machi shule ikafungwa. Madaktari hawakupata sumu wala kijidudu. Waliolichunguza jambo hilo baadaye walilieleza kuwa mkazo uliotafuta pa kutokea. Kwa hiyo ukimwona mtu chini ya mti anacheka kuliko habari inavyostahili, usimwongezee habari nyingine. Sogea ukae karibu naye, na watu wakishapungua muulize nyumbani kuna nini.

Saa tisa kivuli cha mti kimehamia mashariki na watu wanakifuata na vigoda vyao kidogo kidogo. Fungeni kikao. Vigoda virudi kwa wenyewe, mwenye maji alipwe, maganda ya miwa yafagiliwe, na mwenye mti anunuliwe avoka, kwa kuwa alisema tangu mwanzo zipi ni zake. Mama wa gunia asijiinulie peke yake: mmoja ashike chini, mwingine ausawazishe mugozi kwenye paji la uso, na anayekwenda njia hiyo hiyo ampokee kile kifurushi cha mkononi. Mjukuu amrudishe babu na aache mlango wazi. Kisha pangeni ya kesho, nani atakuja na habari, nani atamwendea mzee, nani atabeba bidoni ya maji ya kunywa. Yule ambaye habari yake ya leo haikumchekesha mtu, bidoni ni yake.